Walivyoniruka Kinondoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wanaosema hivyo kwa unyenyekevu, halafu ukiwatafuta unawakuta kwenye kikao cha harusi ya mtu wasiyemjua. Mie nasema kweli. Safari yangu ya kawaida ni kutoka kitandani hadi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na nikifika gengeni kufuata nyanya tayari nimeshaanza kuikumbuka nyumba. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye yadi ya makontena kule Kurasini, huwaambia wenzake kwamba hajawahi kununua kufuli kwa sababu ana mke.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitoa nje bila kusukumwa: msiba wa Mngoni. Sie Wamwera na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane. Na utani una kazi zake. Mngoni akifa mtaani kwetu Temeke, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka wamejishika mashavu, mtani ndiye anayeingia na kuharibu. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai marehemu kaondoka na sufuria lake. Jeneza likitaka kutoka, analala njiani na kusema halipiti mpaka akombolewe. Wafiwa nao wanatakiwa wamjibu. Wanamwita mla panya, wanamwuliza kama kwao panya wamekwisha ndiyo maana amefuata ubwabwa wa watu. Wanamrushia chochote walichonacho mfukoni, ananyanyuka, jeneza linapita. Mjane aliyekuwa hajafungua mdomo tangu jana yake unamkuta anacheka huku machozi yanamtoka, na hapo ndipo mama zake wakubwa wanapata nafasi ya kumnywesha uji.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Nina elimu ya kidato cha nne, na katika yote niliyofundishwa shuleni hakuna lililonifaa kama hili nililofundishwa na shangazi: kulala chini mbele za watu bila kuona haya.

Halafu masika iliyopita akafa mzee mmoja Mngoni, jirani yetu wa siku nyingi, ambaye nilikuwa nikimtukana kila asubuhi akienda kuchota maji kwenye msikiti wa jirani, yeye Mkristo. Nilivaa koti lake. Nilitembea mwendo wake wa kuchechemea. Jeneza lilipotoka nikalala njiani. Mbele ya wabebaji alikuwa mwanawe mkubwa, kijana aliyekulia mbali kwa mjomba wake, msomi, suti imemkaa vizuri. Nilimwambia baba yake hatoki hapa, ameniahidi kunioa. Kijana akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Mama," alisema taratibu, "samahani, sisi tuna msiba hapa."

Wazee wakarusha vijisenti haraka haraka, wakanivuta mkono, jeneza likapita. Hakuna aliyenilaumu. Lakini ile sauti ya heshima ilinikaa. Angenitukana ningelala usingizi mnono. Nilirudi nyumbani nikawa najiuliza: mtani asiyejibiwa ni nani? Ni mama mtu mzima aliyelala kwenye vumbi anawasumbua wafiwa. Tofauti ya hawa wawili ni jibu tu, na jibu halikai kwangu, linakaa kwa yule mwingine.

Alipofariki Mngoni mwingine mtaa wa pili, nikasema goti linaniuma. Mume wangu akayaangalia magoti yote mawili, akauliza ni lipi.

Sasa, siku ya msiba wa yule mzee alikuwepo binti wa jirani yetu mmoja, msichana mchangamfu anayefanya kazi kwenye nyumba ya sanaa huko Kinondoni, mahali wanapotundika picha ukutani watu wakaja kuziangalia. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanisaidia kuchambua mchele huku akiniangalia kwa pembeni. Mwishowe akasema kile nilichofanya msibani ni sanaa. Nilimwambia kile nilichofanya msibani ni aibu. Akasema katika kazi yao mara nyingi ni kitu kilekile. Jibu hilo nililipenda, nikamwongezea mchele wa kuchambua.

Alitaka niende nikafanye vilevile siku wanafungua maonyesho mapya.

"Nani kafa?" niliuliza.

"Hajafa mtu, mama. Ni ufunguzi. Watu wanakuja, wanaangalia picha, wanakula vitu vidogo vidogo, na wewe unafanya pafomansi yako."

"Na watani wangu watakuwepo?"

Hapo akaokota kijiwe kwenye mchele. Alisema watu wa pale ni mchanganyiko. Wapo wa Masaki, wapo wa Sinza, wapo wageni wa nje. Nikamshauri basi wawe wanaulizwa kabila mlangoni, Wangoni wakae upande wangu. Macho yakamtoka. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto kwa nini ukutani hapachorwi, kwamba ukianza kumuuliza mtu kabila pale mlangoni, mama, hiyo ishu itaishia mtandaoni.

Ningekataa. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinakataa, hasa miguu. Kumtania mtu ambaye hamna utani naye ni matusi, na mie sijalelewa kuwatukana watu ovyo, nawatukana kwa mpango. Lakini kulikuwa na lile swali, na lilishaanza kunikera kama punje ya mahindi kwenye jino. Je, mtu asiyenijua kabisa, asiye na habari ya Mmwera wala Mngoni, akichokozwa, atajibu? Nikajiwekea ahadi. Nikijibiwa, hata na mmoja, basi yule kijana wa suti ilikuwa bahati mbaya tu, na misiba ya Wangoni nitaendelea kuiharibu mpaka nife. Nisipojibiwa, mkeka wangu nitautandika sebuleni, na misibani nitakwenda kama wengine, nitakaa nimejishika shavu.

Nilifanya mazoezi nyumbani. Nililala kwenye mlango wa jikoni nikamwambia mume wangu hapiti. Alinitazama, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba nzima kupitia uchochoro wa choo, akaingia jikoni kwa mlango wa uani, akarudi na kikombe cha chai. Nilimwambia hayo si majibu. Akasema yeye amenioa muda mrefu, majibu yamemwishia.

Koti nililovaa siku ya ufunguzi lilikuwa lake, kwa kuwa marehemu hatukuwa naye. Alilitoa kabatini kwa shingo upande, akanikumbusha kwamba yeye bado yu hai na Jumatatu atalihitaji.

Nyumba yenyewe ya sanaa ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, upande mmoja gereji, upande wa pili saluni ya kusuka. Ndani imepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma. Picha zimetundikwa chache, moja hapa, nyingine kule, katikati ukuta mtupu. Kwangu ukuta wenye nafasi kama ile ungekuwa na kalenda, saa iliyosimama na picha ya harusi ya shemeji. Nilizizunguka zote nikiwa nimefunga mikono nyuma, maana niliona ndivyo wanavyofanya. Kulikuwa na picha moja kubwa ya majora ya vitambaa dukani, yamepangwa mpaka darini, na nyuma ya vitambaa unaona vidole vya mtu tu. Niliitazama muda mrefu. Nilitaka kujua mwenye vidole anacheka au amenuna.

Binti wa jirani alikuwa ameniandalia sehemu: mlango unaotoka chumba cha picha kwenda chumba cha vinywaji na vitafunwa. Mlango mwembamba, hauna njia ya kuzunguka. Nilimsifu kwa hilo, anajua pa kumlaza mtu. Ukutani juu yangu alibandika kibao kidogo kilichochapwa vizuri: "Kulala Njiani. Mwili wa msanii, mkeka, kanga, koti." Nilikisoma nikaona kweli, vyote vipo. Pembeni ya kibao hicho kulikuwa na kingine kikubwa zaidi, cha siku zote, ambacho siku ile sikukipa uzito: "Tafadhali usiguse kazi za sanaa."

Watu walianza kuingia. Walinikuta bado nimesimama, na ninavyoonekana mtu mzima, vijana wale wa suruali zilizochanika magotini na nywele za kila rangi waliniamkia wote. Shikamoo mama, shikamoo mama. Nikaitikia, nikafarijika, nikasema moyoni hawa ni watoto wa watu. Kisha nikatandika mkeka, nikavaa koti, nikalala.

Shikamoo zikakatika hapo hapo.

Hilo sikulitegemea na mpaka leo linanishangaza. Mtu aliyeniamkia dakika chache zilizopita alikuja akasimama juu yangu, akasoma kibao, akaniangalia, akasoma tena kibao, kama anayelinganisha. Nilishushwa cheo kutoka mama kuwa picha. Nikaanza kazi.

Nilisema hapa hapiti mtu. Nilisema chakula kile kule ndani ni changu, nimeachiwa wosia. Waliokuwa karibu wakatabasamu. Nilimwambia dada mmoja mwenye hereni kubwa kwamba hereni zake nazijua, ndizo pete za pazia langu lililopotea. Akatabasamu zaidi, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Nilikohoa kama mzee. Nilijigaragaza. Nilidai nimezaa na mwenye nyumba. Walisogea wengine wakakaa duara, kimya, wametulia, simu zimeinuliwa. Kule kwetu mtu akikaa kimya namna ile ukiwa umelala, ujue anakuombea dua.

Akaja kijana mmoja mrefu, mrefu hasa, miguu kama ngazi, kamera shingoni. Alitaka kwenda kwenye vinywaji. Aliangalia mlango, akaniangalia mimi, akaangalia kile kibao cha usiguse. Nikajiandaa, nikasema huyu sasa lazima aseme kitu, hata samahani nitaipokea. Alivuta suruali yake juu kidogo kwenye mapaja, kwa adabu kubwa, akainua mguu, akaniruka.

Nyuma yake akafuata yule dada wa hereni. Kisha wawili walioshikana mikono. Kisha mgeni mmoja wa nje, mzee mwenye kofia ya ukili, ambaye aliweka mkono kifuani kuniheshimu kabla ya kuniruka. Kila mmoja alijitahidi asiniguse. Walivua hata mabegi mgongoni wakayabeba kwa mbele yasije yakanipangusa. Sijapata kurukwa kwa upole kama ule maishani mwangu.

Kwa asiyejua, na naona siku hizi wapo: mtu harukwi. Mtoto akinyoosha miguu barazani, mwenzie akapita juu yake, hapo hapo zinasikika kelele arudi, arudi amruke tena kwa kule alikotokea, la sivyo aliyerukwa hatakua tena, atabaki pale pale. Sie tulipokuwa wadogo tuliweza kuacha mchezo wote tukamfukuza mtu mpaka mtaa wa tatu ili aje akurudishe. Nami nimelala pale, mtu mzima, ninarukwa na kundi zima, na hakuna anayegeuka. Wakifika upande wa pili walichukua sambusa wakaanza kuzungumzia picha.

Niliendelea kusema maneno, lakini moyo ulishatoka. Nilikuwa nasikia sauti yangu inagonga kwenye zile kuta nyeupe na kunirudia yenyewe. Basi, nikajisemea, jibu umelipata. Ulitaka kujua, umejua. Nikaanza kupanga jinsi ya kunyanyuka bila kuonekana, jambo ambalo kwa mtu aliyebandikiwa kibao si rahisi, na nikawa nafikiria mkeka utakaa vipi pale sebuleni, kama utafika kwenye makochi.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja mnene, rika langu, baibui jeusi lenye nakshi mikononi. Alikuwa mmoja wa wale Waarabu wetu waliozaliwa hapa hapa Kinondoni, babu zao ndio waliofungua maduka wakati barabara haijatiwa lami. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile picha ya vitambaa ni ya binti yake, na alikuja kama mzazi, hana mwenyeji, anazunguka tu kwa kuwa hajui asimame wapi. Alikuwa ameshakwenda mara moja kwenye vitafunwa akitumia njia ileile ya kila mtu, na sasa alikuwa anarudi na sahani ya sambusa kumpelekea bintiye. Alikunja baibui kwa mkono mmoja, akainua sahani kwa mwingine, akaniruka.

Akapiga hatua mbili tatu. Akasimama.

Nilimwona mgongo tu. Kisha akageuka, akaniangalia, akasema kwa chini neno la kumwomba Mungu msamaha.

"Mama wee, nimekuruka," alisema. "Ngoja nikurudishe."

Akaja, akaniruka tena kwa kurudi alikotoka, akihema, sambusa moja ikadondoka kwenye mkeka wangu. Akanitazama kwa kuridhika kama mtu aliyezima jiko kabla ya kutoka nyumbani.

"Haya," alisema. "Sasa utakua."

Sasa lazima niseme kwamba mie ni mfupi. Mfupi wa kuombwa nisimame wakati nimeshasimama. Nilimjibu kutoka pale chini.

"Umechelewa. Kuna mtoto aliniruka nikiwa darasa la pili, wakahamia Tanga. Mpaka leo namsubiri."

"Ndiyo maana," alisema. "Nilipouona mkeka nikadhani kuna mtu kaangusha mto."

Nilikuwa nimetukanwa mbele ya kadamnasi na mtu nisiyemjua jina, nikatamani kumshika mkono niubusu. Badala yake nikamwuliza zile sambusa anazipeleka wapi. Akasema ni zake. Nikamwambia hapiti nazo. Akasema yeye kashapita hapo mara tatu na bado atapita, anayeshindwa kutoka ni mimi, na kama nasubiri mume wangu aje anibebe, nimwambie ukweli, anakuja na toroli?

Kisha aliwageukia wale waliokuwa upande wa vinywaji, vijana wote wale wenye glasi mikononi, akawauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka nyuma ya kaunta:

"Na nyie mmemruka mtu mzima mkamwacha hivi hivi? Rudini mmrudishe."

Walitazamana. Walimtazama binti wa jirani, ambaye alikuwa amesimama kando ameziba mdomo kwa kiganja. Wa kwanza kucheka, kucheka hasa, kule kwa kupaliwa, alikuwa yule dada wa hereni. Akasema bibi yake angemchapa. Akaweka glasi chini, akaja, akaniruka kurudi, na akiwa juu yangu akasema hereni hizo hata nikizililia sizipati. Nyuma yake wakajipanga wengine. Wengine walinirudisha kimyakimya, wengine na neno. Yule mzee mgeni wa nje alielezwa mambo kwa kiingereza cha haraka, akafurahi sana, akaniruka, akageuka akaniruka tena, akageuka akaniruka tena, na hapo ukazuka ubishi wa kweli, kama ule wa mpira: je, sasa hivi nimerukwa au nimerudishwa? Mama wa baibui alisema nimerukwa. Binti wa jirani alisema kwa hesabu yake nipo sawa. Mimi mwenyewe niliulizwa ninavyojisikia.

Wa mwisho alikuwa yule mrefu wa kamera. Nilimwambia alete urefu wangu, nauona kwenye suruali yake. Alivuta tena suruali kwenye mapaja, akapita juu yangu taratibu, akasimama akanichungulia.

"Nimekurudisha, bibi," alisema. "Ila sioni mabadiliko."

Bibi. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Wanangu bado wanachagua wachumba, na kwenye kioo changu mie nina miaka arobaini, kioo chenyewe kina ukungu. Lakini neno lile lilifungua kitu. Katika nchi hii hakuna mtoto, awe Mngoni, Mhaya, Mwarabu au nani, ambaye hajachokozwa na bibi yake, akaitwa mume, akaambiwa anatembea kama bata, akatakiwa ajibu. Nilikuwa nawatafuta Wangoni mlangoni, kumbe wajukuu walikuwa wamejaa nyumba nzima. Bei yake ilikuwa kukubali uzee, nikakubali.

"Mume wangu," nilimwambia, "ndiyo unarudi mikono mitupu? Hata sukari?"

"Bibi, si nilishakupa talaka juzi?"

"Sijaipokea. Nilikuwa sipo."

"Ulikuwa wapi na wewe hutokagi?"

Hilo sijui nani alimwambia. Nikadai nikombolewe. Mama wa baibui akaiokota ile sambusa iliyodondoka, akaipuliza, akaniwekea kifuani. Mtu akaweka ua alilolitoa kwenye chupa mezani. Mzee mgeni, ambaye alishaelewa kwamba kuna kitu kinatolewa lakini hajaelewa ni kipi, alivua kiatu kimoja akakiweka miguuni pangu kwa unyenyekevu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha. Nikasema basi, njia iko wazi. Nikataka kunyanyuka, goti likagoma. Lile la uongo, la msiba wa mtaa wa pili, liligoma kwelikweli. Ikabidi mama wa baibui na kijana mrefu wanishike kwapani wanivute, mmoja mfupi mmoja mrefu, nikanyanyuka upande upande kama kitanda kinachopitishwa mlangoni.

"Kumbe inaguswa," alisema kijana.

Kwetu mtani akishakombolewa hakai kwenye kiti kupokea pongezi. Ndiye anayekwenda uani kuosha masufuria na kuteka maji, kwa sababu wafiwa hawana nguvu na yeye ameshawachosha zaidi. Basi nikavua koti la mume wangu, nikaulizia jiko, nikalikuta, dogo, limejaa glasi chafu. Binti wa jirani alikuja mbio akasema yupo mtu wa kuosha, niende ukumbini watu wananiulizia, wanataka kujua nimesomea wapi. Nilimwambia awaambie Temeke, na aniache, sijamaliza.

Mlango ukafunguka tena akaingia mama wa baibui na rundo la sahani. Aliziweka, akanitazama ninavyoosha, akakunja mikono ya baibui, akanisogeza kwa nyonga. Alisema nikiendelea hivyo glasi zitakuwa chafu kuliko zilivyokuja. Nikamwambia asiyejua kuosha huonekana kwa kusema sana. Tukaosha. Aliniuliza ni nani aliyenituma kulala kwenye sakafu za watu umri huu, nami, sijui kwa nini, nikamweleza yote: utani, yule mzee, jeneza, kijana wa suti na alivyoniambia. Nikamwambia kwamba nilikuja kujua kama mtu baki anaweza kunijibu.

Aliosha glasi mbili tatu.

"Huyo kijana," alisema, "kuna mtu alimwambia ajibu?"

Nilijaribu kuikumbuka siku ile, nani alikuwa amesimama karibu naye. Misiba yote ya zamani niliyoharibu, nyuma ya mfiwa palikuwa na shangazi mtu au binamu anayemsukuma kwa kiwiko: mjibu, mjibu huyo mla panya. Nilikuwa nayaona majibu, viwiko sikuviona. Yule kijana alikuja jana yake kutoka kwa mjomba, amesimama peke yake mbele ya jeneza la baba yake, na hakuna aliyemgusa hata begani. Hata mimi. Nilikuwa chini pale, mdomo wangu uko sentimita chache kutoka sikioni mwake, na ningeweza kumnong'oneza: nitukane, mwanangu, nitanyanyuka.

"Hakuna," nilisema.

"Basi. Na hapa leo nisingewafokea wale watoto, mngelala hapo mpaka kesho, wewe na sambusa yangu."

Nikampa glasi ambayo alikuwa ameshaiosha, aioshe tena. Akaipokea akaiosha kabla hajagundua, akanirushia maji. Akaniambia yeye duka lake haliko mbali, anauza vitambaa, yupo kuanzia asubuhi, na siku nikikosa mahali pa kujigaragaza nisije kwake, ana wateja wa maana.

Nilimwuliza duka lina mlango mmoja au miwili.

Alinitazama, sahani mkononi inachuruzika.

"Mmoja," alisema. "Na mwembamba."